Njia ya Gari Moshi

Sepuka haina reli. Ni kata ya Wilaya ya Ikungi, magharibi ya mji wa Singida, katika nchi ya alizeti, mtama na uwele. Anayetaka kusikia mlio wa gari moshi hana budi aende Singida mjini, nako huweza kungoja siku nyingi asisikie kitu. Lakini ni hapo Sepuka, katika baraza ya nyumba ya matofali ya kuchoma, ambapo mstaafu mmoja wa reli ametumia miaka sita ya uzee wake kuunda mabehewa. Wapita njia walipomwona mara ya kwanza, miwani yake imefungwa kwa uzi, akikata bati kwa mkasi, walidhani anamtengenezea mjukuu mchezo. Walipomwona mwezi mzima angali na behewa lile lile, amelibomoa mara mbili na kulianza upya, walianza kumhofia.

Mabehewa hayo ni madogo. Kila mita moja ya behewa la kweli imekuwa sentimita 5, yaani sehemu moja kwa ishirini. Mzee alichagua kipimo hicho kwa sababu ya rula ya mwanafunzi, chombo cha kupimia kisichokosekana katika nyumba yenye watoto wa shule. Reli ya kati, tangu Wajerumani walipoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi walipoifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja kamili baina ya chuma na chuma. Kwa hiyo reli za barazani huachana kwa sentimita 5, na behewa la mita 12 huwa na urefu wa sentimita 60, kiasi cha mkono wa mtoto kutoka begani hadi nchani mwa vidole. Huko Ulaya mchezo huu una maduka yake na vipimo vyake vilivyozoeleka, 1 kwa 87, 1 kwa 76 na vinginevyo, na mnunuzi hupata hata magurudumu yaliyo tayari ndani ya kijisanduku. Sepuka hakuna duka la namna hiyo. Bati hutoka katika makopo ya rangi na ya maziwa, ekseli ni spoku za baiskeli, na magurudumu ni mti mgumu uliochongwa kisha ukavishwa ukanda wa bati. Vichwa vya ribiti hugongwa kwa msumari butu kutoka upande wa nyuma, kimoja kimoja, hadi uso wa behewa uote chunusi zilizopangika kama shanga.

Kazi ya ribiti ndiyo iliyomtia sifa ya uwendawazimu. Yeye alikuwa mkaguzi wa mabehewa, na ujana wake wote aliupitisha Tabora na Dodoma akitembea kandokando ya magari yaliyosimama, nyundo mkononi, akigonga magurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti butu. Mtu aliyelipwa kwa miaka thelathini ili aone upungufu hawezi kustaafu macho yake. Akiona ubavu wa behewa lake una ribiti kumi na moja mahali penye kumi na mbili, usingizi humwishia. Uingereza, ambako wapenzi wa magari madogo ya reli ni wengi, watu wa tabia hiyo hutaniwa kwa kuitwa wahesabu ribiti. Ni jina la kejeli, lakini wenye kuitwa hivyo hulivaa kama kilemba.

Swali lake la kwanza kwa kila behewa ni moja: la mwaka gani? Asiyejua reli hudhani behewa ni behewa. Kumbe behewa ni kama mtu aliyeishi chini ya tawala nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, reli ya Wajerumani iliingia mikononi mwa Waingereza, ikawa Reli ya Tanganyika, na mabehewa yakabeba herufi T.R. Mwaka 1948 reli hiyo iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, na herufi zikawa E.A.R.&H., yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Bandari zilipotengwa mwaka 1969, sehemu ya mwisho ya jina hilo ikaondoka. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 likaja Shirika la Reli Tanzania, mwaka 2007 ikaja kampuni, na mwaka 2017 shirika likarudi. Sanduku moja la chuma liliweza kuvaa majina hayo kwa zamu, jipya likipakwa juu ya la zamani. Ndiyo maana mzee, anapounda behewa la mwanzo wa miaka ya 1950, huandika kwanza T.R. kwa rangi nyeupe, huliacha likauke, hupaka rangi nyepesi juu yake, kisha huandika E.A.R.&H. Anayelitazama kwa karibu, jua likiwa upande, huona kivuli cha herufi za kwanza. Behewa lisilo na mwaka, husema, ni sanduku lenye magurudumu.

Si kila behewa lake limeanzia kwenye bati tupu. Mengine ni ya kurekebishwa. Mjukuu wake aliwahi kununuliwa mnadani gari moshi la plastiki, jekundu, lenye behewa moja, na babu akaliazima behewa hilo kwa usiku mmoja uliogeuka wiki tatu. Kosa la kwanza aliloliona ni mbele na nyuma: behewa lilikuwa na bafa mbili kila upande, moja kulia na moja kushoto, kama yalivyo mabehewa ya kale ya Ulaya. Reli ya mita moja ya Afrika Mashariki haina mambo hayo. Bafa ni moja, ipo katikati, na kiungo cha kuvutia kipo hapo hapo. Alizikata zote nne kwa wembe, akasugua kwa msasa, akatia za katikati. Kosa la pili lilikuwa magurudumu kukaa mbalimbali mno. Katika reli nyembamba, sanduku la behewa hupita chuma kwa zaidi ya nusu mita kila upande, na anayelitazama kwa mbele huliona kama mwanamke aliyejitwika mzigo mpana kuliko mabega. Aliyavuta magurudumu ndani, akakata ekseli mpya. Kosa la tatu lilikuwa wekundu wenyewe. Mjukuu aliporudishiwa behewa lake, likiwa na rangi ya vumbi na kutu, alilitazama kwa muda, kisha akauliza kama lake limekufa. Babu alikwenda mnadani tena akamnunulia jingine, na hilo hakuligusa.

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kufunzwa kwamba mfano mdogo huweza kuwa jambo kubwa. Watoto wao huelea vijahazi vya makumbi, na mafundi wa Lamu huunda majahazi ya kuwekwa mezani yenye tanga na kamba zote. Zaidi ya hayo, pwani ina shahidi wake mkuu, nao ni mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Mitepe ilipotoweka baharini katika karne ya 20, mifano midogo iliyohifadhiwa, ikiwemo ya Makumbusho ya Lamu, ikawa miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki wa namna chombo hicho kilivyokuwa. Mwaka 2003 mtepe mzima uliundwa Unguja, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, katika uwazi ule wa katikati ambao Waswahili wa nyumba za mawe huuita behewa. Neno hilo hilo, lililokuwa na maana ya ua wa ndani na ghala ya nyumba, ndilo lililopanda reli likaenda bara. Basi aliyeunda mfano wa mtepe miaka mingi iliyopita, kama aliongeza mbao isiyokuwepo kwa sababu ilimpendeza machoni, aliwadanganya watu ambao hakuwajua na ambao hawakuwa na pengine pa kuuliza.

Hofu ya mzee ni ya namna hiyo. Mwaka 2024 magari ya umeme yalianza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma juu ya reli ya upana wa milimita 1,435, upana ambao kwa rula ya Sepuka ungekuwa zaidi kidogo ya sentimita 7. Anafurahi, maana ni mtu wa reli. Lakini anajua pia kwamba behewa la zamani likitolewa kazini halizikwi. Hukatwa vipande likauzwa kuwa chuma chakavu, na likishayeyushwa hakuna awezaye kuuliza lilikuwa na ribiti ngapi.

Mtu wa kwanza Sepuka kumwelewa alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Bububu aliyeolewa bara. Alipita barazani jioni moja akitoka shule, akasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

Mwalimu alikaa akamtazama akigonga ribiti safu nzima bila kusema. Kisha akamwambia kwamba hata wao washairi wana kazi hiyo. Mshororo wa shairi la tarbia una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na mtunzi akizidisha moja, hata kama maana ni nzuri, sikio hujikwaa. Kuna watu, alisema, wanaoweza kulikataa shairi zima kwa sababu ya silabi moja iliyoingia bila hodi.

"Nao watu huwacheka?" aliuliza mzee.

"Sana."

"Basi Mwalimu, sisi ni ndugu."

Tangu siku hiyo mwalimu alikuwa akipita mara kwa mara. Siku moja alimsimulia mzee habari ya kwao. Alisema kwamba hata Unguja ilikuwa na gari moshi, lililojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, likitoka mjini kwenda Bububu, umbali wa kilomita 11 hivi, likapita katikati ya maduka ya Darajani hata wenye baraza wakivuta miguu yao ndani. Lilikoma kabla ya mwisho wa miaka ya 1920. Na jina la Bububu, alisema kwa fahari, lilitokana na mlio wa gari hilo. Babu yake alikuwa akiwasimulia wajukuu kisa hicho kila mwezi mpevu, akifanya mlio kwa mdomo, bu-bu-bu, bu-bu-bu, huku akizungusha viwiko kama magurudumu.

Mzee aliweka nyundo chini. "Gari lilianza 1905?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na jina je? Lilianza mwaka gani?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Lakini swali lilimkaa kooni kama mwiba wa changu. Alipokwenda Unguja likizo, alitafuta kumbukumbu za maisha za Seyyida Salme binti Said, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, na humo akalikuta jina la Bububu likitajwa kuwa mahali pa shamba alipoishi bibi huyo kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866. Wala kisa hakiokolewi na reli ya kale zaidi, ile ya Sultani Barghash ya kwenda Chukwani, kwa sababu Barghash alitawala kuanzia mwaka 1870, na Chukwani ipo kusini ya mji ilhali Bububu ipo kaskazini. Jina lilitangulia magari yote mawili. Wapo wasemao kuwa mlio ni wa chemchemi inayobubujika mahali hapo, na huenda wao ndio wenye haki.

Aliporudi Sepuka alimweleza mzee yote hayo, akamaliza kwa kusema, "Umeninyang'anya babu yangu." Alisema kwa kucheka, lakini mzee alisikia kwamba haikuwa mzaha wote. Usiku ule alijiuliza kama nyundo ya mkaguzi ina ruhusa ya kugonga kila kitu.

Zamu yake haikukawia.

Katika nyumba ile kulikuwa na kisa kimoja kilichopokewa na watoto wote. Baba yake mzee aliondoka mwaka 1951 kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, mwanawe akiwa na miaka miwili. Watu wa Singida walikwenda wengi nyakati hizo. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na mkonge waliokata uliifanya Tanganyika kuwa nchi ya kwanza duniani kwa zao hilo. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Huyu hakurudi. Aliugua huko Tanga akazikwa huko, na habari ilifika Sepuka baada ya msimu mmoja wa mvua. Mtu pekee aliyekuwa hai na aliyemwona siku ya kuondoka ni dada yake mdogo, shangazi yake mzee, ambaye sasa ana miaka 87. Mwaka ule alikuwa akikaa Singida mjini kwa ndugu, akamsindikiza kaka yake. Mjane wa marehemu alikuwa Mgogo, kwa hiyo kisa kilisimuliwa nyumbani kwa Kiswahili, na kila mara kwa maneno yale yale: "Baba yenu aliondoka kwa njia ya gari moshi."

Hicho ndicho mzee alichokuwa akikiunda tangu mwanzo. Mabehewa mengine yote yalikuwa mazoezi. Alitaka amwonyeshe shangazi yake, kabla macho yake hayajafunga kabisa, stesheni ya Singida ya mwaka 1951, behewa lililomchukua kaka yake likiwa limesimama, mlango wake wa kusukuma umeachwa wazi kiasi cha kupita mtu mmoja. Kazi hiyo ilichukua miezi minne. Ndilo behewa lenye T.R. chini ya E.A.R.&H. Juu ya kijibango kidogo aliandika SINGIDA kwa unyoya wa kuku.

Kisha akajiuliza swali lake la siku zote. Mwaka 1951. Reli ya Singida, mwaka 1951.

Alijua kwamba tawi la Manyoni hadi Singida, kilomita 115 hivi, alilolikagulia mabehewa katika miaka yake ya mwisho kazini, lilijengwa kuelekea mwisho wa karne ya 20. Alijua pia kwamba palikuwa na tawi jingine kabla yake, lililojengwa na Waingereza katika miaka ya 1930, likapita Singida hadi Kinyangiri. Wazee wa kazi walipokuwa wakilitaja, yeye alidhani liling'olewa karibu na Uhuru. Sasa alianza kuuliza. Aliwapigia simu wastaafu wenzake, akapata aliyekuwa na kitabu cha zamani cha historia ya reli, akasomewa kurasa polepole hadi salio likaisha. Tawi lile halikupata mizigo ya kutosha kulipa gharama zake. Liling'olewa katika miaka ya 1940. Mwaka 1951 pale Singida hapakuwa na behewa, kwa sababu hapakuwa na chuma cha kulibeba.

Alilifunika behewa kwa gunia. Kwa wiki kadhaa hakugusa nyundo. Mwalimu alipopita na kuona baraza imefagiliwa, alijua kuna neno, na mzee akamweleza.

"Mwachie Shangazi kisa chake, Mzee," alisema mwalimu. "Ana miaka themanini na saba. Kitamdhuru nini?"

"Wewe sikukuachia chako."

"Mimi nina muda wa kupata kingine."

Mzee alilitafakari jibu hilo siku nyingi. Ni kweli kwamba wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini kwa mtu wa reli methali hiyo ni ya hatari, maana gari lisilokuwepo haliji kwa kusemwa. Upande mmoja palikuwa na bibi kizee na kumbukumbu ya mwisho ya ndugu yake. Upande wa pili palikuwa na wajukuu, ambao wangelirithi behewa lile na kuamini kila ribiti yake, kwa sababu babu alijulikana kwa kutokosea. Uongo wa mtu hodari wa kweli hauna dawa. Angeweza kulikabidhi behewa na kunyamaza. Angeweza pia kulikabidhi na kusema. Yote mawili yalimshinda, akachagua la tatu ambalo alilijua zaidi kazini, nalo ni kugonga na kusikiliza.

Alimkuta shangazi yake uani, amekaa juu ya mkeka, anapeta uwele.

"Shangazi, siku ile Baba alipoondoka, wewe ulisimama wapi?"

"Juu ya tuta, mwanangu."

"Na gari lilisimama wapi?"

"Gari gani?"

Mzee alihisi ulimi wake ukiwa mzito. "Si umetuambia siku zote kwamba aliondoka kwa njia ya gari moshi?"

"Ndiyo. Aliondoka kwa njia ya gari moshi." Aliacha kupeta. "Njia ilikuwepo. Vyuma wenyewe walikwisha kuvichukua. Sisi watoto tulikuwa tukicheza kwenye alama zake. Wao walikwenda kwa miguu, wengi, wakaifuata njia ile kwenda Manyoni, kwa sababu ilikuwa njia nzuri, imeinuliwa, haikuwa na maji. Nilisimama nikawatazama muda mrefu sana. Njia ya gari haipindi upesi, mwanangu. Mtu akienda kwa njia ile humpotezi haraka."

Kiswahili kina hila hiyo. Anayesema ametuma fedha kwa njia ya simu hamaanishi barabara, na anayesema amepita kwa njia ya mtoni hamaanishi chombo. Bibi yule alisema jambo moja, neno kwa neno, kwa zaidi ya miaka 70, na kila neno lilikuwa mahali pake. Watoto na wajukuu ndio waliotia magurudumu. Waliliona gari, wakauona moshi, mmoja wao aliwahi hata kusimulia rangi ya mlango, na shangazi hakuwasahihisha kwa kuwa hakujua kwamba walikuwa wakiona kisichokuwepo. Mkaguzi aliyepima dunia nzima kwa rula alikuwa ameishi na shahidi aliye sahihi kuliko rula yake, na hakuwahi kumuuliza swali la pili. Hata ule usemi wa mwisho, kwamba njia ya gari haipindi upesi, ulikuwa elimu ya reli. Gari lenye mabehewa mengi haliwezi kukata kona kali, na wajenzi wa tuta hulazimika kuipindisha njia kidogo kidogo. Alichokiona msichana wa miaka kumi na mitatu mwaka 1951 ni mpindo huo, na mgongo wa kaka yake ukipungua juu yake.

Mzee alilifunua behewa. Hakulibomoa. Manyoni palikuwa na reli mwaka 1951, kama ilivyokuwa tangu enzi za Wajerumani, na huko ndiko wanaume wale walikopandia gari. Alikikwangua kijibango, akaandika MANYONI. Kisha akaanza kuunda kitu ambacho hajawahi kukiunda, na ambacho katika maduka yote ya Ulaya hakiuzwi: njia isiyo na reli.

Tuta zima kutoka Singida hadi Manyoni, kwa kipimo cha 1 kwa 20, lingehitaji ubao wa zaidi ya kilomita 5. Alikata mita 2, ambazo ni mita 40 za kweli, hatua hamsini hivi za mtu mzima aendaye safari. Aliinua tuta kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na gundi. Juu yake alichora alama za mataruma, mkato baada ya mkato, kwa ncha ya kijiko, akihesabu nafasi baina yao kwa uangalifu ule ule wa ribiti. Aliupinda ubao mzima kidogo, kiasi ambacho jicho halioni hadi lifike mwisho. Kando alipanda nyasi za nyuzi za katani, yaani mkonge wenyewe, aliozichambua kutoka katika kipande cha kamba. Hakuweka mtu. Mwalimu alimuuliza kwa nini, naye akajibu kwamba hana picha ya baba yake, na hawezi kuunda asichokijua.

Walimpelekea shangazi siku ya Jumapili, mzee akishika ncha moja na mwalimu nyingine, wakaweka ubao juu ya viti viwili. Macho ya bibi hayaoni sana. Aliinamia, akatazama kwa muda, kisha akapitisha vidole polepole juu ya alama za mataruma, kutoka upande huu hadi upande ule, akifuata mpindo. Alipofika mwisho wa ubao mkono wake uliendelea kidogo hewani. Hakuna aliyesema neno. Mjukuu, mwenye gari jekundu, alisogea akauliza gari liko wapi, na shangazi akamjibu kwamba hapakuwa na gari.

Kisha akarudisha mkono kwenye nyasi.

"Zilikuwa ndefu kuliko hizi," alisema. "Zilimfika hapa." Akaonyesha kiuno chake.

Mzee alitoa rula mfukoni, akapima kutoka kiunoni mwa shangazi yake hadi ardhini, akagawa kwa ishirini. Kisha akauchukua ubao, akaurudisha barazani.